Namna ya Kumsindikiza Mtoto Anayeuguliwa na Mzazi: Mwongozo Kamili kwa Anayejitolea Dar es Salaam

Wanaojitolea kuwa karibu na watoto wanaouguliwa na mzazi hawashindwi kwa kukosa huruma. Wengi hushindwa wiki ya tatu. Wiki ya kwanza huja na mfuko wa biskuti na juisi, ya pili huja na maneno ya faraja, ya tatu mvua inanyesha, Jangwani kumefurika, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na mtoto anakaa barazani tangu saa tisa alasiri hadi giza linapoingia akimsubiri mgeni ambaye hata simu hakupiga. Nimeliona jambo hilo Mbagala, nikaliona Manzese, na mara moja aliyengojewa nilikuwa mimi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetaka kumsindikiza mtoto mmoja, au ndugu wa nyumba moja, ambao mama au baba yao ana ugonjwa mzito: saratani, figo, moyo, kiharusi, kifua kikuu au mwingine wowote unaomlaza mzazi kwa miezi. Kipimo chake ni kidogo kwa makusudi: muda wa saa mbili kwa wiki, siku ileile, kwa miezi 6. Anayetaka kufanya zaidi ya hapo aanze na hiki kwanza.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kumtafuta mtoto yeyote.

- Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa unakoishi, pamoja na nakala ya kitambulisho chako cha taifa.
- Majina ya watu wawili wanaokufahamu vizuri na walio tayari kukudhamini.
- Siku moja ya wiki ambayo mwajiri wako, mwenzi wako na ibada yako havitaigusa.
- Nauli ya miezi 6, iliyotengwa pembeni. Ziara nyingi huvunjika mwisho wa mwezi, na sababu huwa nauli.
- Madaftari mawili: moja lako, lisiloandikwa jina kamili la mtoto, na moja la kurasa nyingi, lenye jalada gumu, litakalokuwa lake.
- Kalamu za rangi, kifutio, mkasi usio na ncha, karata, na mpira wa rede wa soksi na matambara.
- Namba za simu za ofisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, mwenyekiti wa mtaa, na namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na hupigwa bila malipo.
- Msimamizi wako: mtu mzima mmoja, mtulivu, utakayezungumza naye kila baada ya ziara ili mzigo usikuelemee. Asiwe jirani wa familia hiyo.

Zawadi hazimo katika orodha, na sikuzisahau. Mtoto akishazoea kukutazama mikononi kabla ya kukutazama usoni, kazi yako imekwisha kabla haijaanza.

## Hatua ya 1: Jipime mwenyewe

Jiulize kwa nini unataka kazi hii. Ikiwa umemzika mzazi, mwenzi au mtoto wako ndani ya mwaka mmoja uliopita, ushauri wangu ni kwamba usubiri. Utakaa mbele ya mtoto ukilia msiba wako, naye ataanza kukubembeleza, kwa sababu watoto wa nyumba zenye mgonjwa wana kipaji cha kuwahudumia watu wazima.

Utajua kuwa uko tayari pale unapoweza kumweleza msimamizi wako kwa sentensi mbili utakachofanya na ambacho hutafanya. Utasoma, utacheza, utasikiliza. Hutatibu, hutaombea mapepo, hutalipia matibabu.

## Hatua ya 2: Pita mlango rasmi

Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa, au katika kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali. Hospitali kubwa za jiji, zikiwemo Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala na Taasisi ya Saratani Ocean Road, hukutana kila siku na wazazi wanaougua huku watoto wakiwa nyumbani, na wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ndio wanaozijua familia zilizofika mahali pagumu zaidi. Toa barua yako, eleza siku na saa zako, kisha subiri waitafute familia itakayokubali.

Sababu ya kupita huko ni kwamba mtoto lazima awe na mtu mwingine wa kumwendea endapo wewe ndiye utakayemkosea. Ofisa akijua jina lako, mtoto analindwa, na wewe unalindwa dhidi ya maneno ya mtaani.

Tahadhari: usijichagulie mtoto kwenye korido ya wodi au kwenye foleni ya dawa kwa sababu amekuangalia kwa macho ya huzuni. Mzazi aliyelala kitandani hana nguvu ya kukuchunguza wala kukukatalia.

## Hatua ya 3: Zungumza na mzazi kabla ya mtoto

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa zinazofuata huporomoka. Piga hodi, toa pole ya kuuguza kwa nyumba nzima, salimia wakubwa kwa shikamoo hata kama mgonjwa anaitikia kwa shida, kisha omba kukaa na mzazi bila watoto. Ikiwa mzazi hawezi kuzungumza, kaa na anayemuuguza, awe bibi, shangazi au mama mdogo. Uliza mambo haya, moja baada ya jingine, bila haraka:

1. Mtoto ameambiwa nini kuhusu ugonjwa, na nyumbani unaitwa kwa jina gani?
2. Ni siku zipi mzazi huwa hospitalini? Anayesafishwa damu kwa ugonjwa wa figo kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Anayepigwa mionzi anaweza kuhitajika siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa. Siku ambayo mzazi hayupo nyumbani ndiyo siku unayohitajika.
3. Nani ana idhini ya kumchukua mtoto, na nani hana?
4. Familia ina imani gani, na mtoto amefundishwa nini kuhusu kifo?
5. Kuna jambo lolote ambalo hutaki nimwambie?

Swali la tano ndilo lenye miiba. Mama mmoja wa Temeke, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi kwa dawa za dripu, aliniambia binti yake wa darasa la tano anajua ni vidonda vya tumbo. “Naomba usimwambie, dada.” Nilimjibu kwamba mimi sitamwambia, ila akiniuliza sitamdanganya, nitamwelekeza amuulize mama yake. Alinyamaza muda mrefu huku akikunja na kukunjua pindo la khanga. Baada ya wiki mbili alimwambia mwenyewe, akiwa anamsuka kwa ajili ya Jumatatu ya shule, yeye ambaye nywele zake zilikuwa zimekwisha kichwani. Binti alisema alikuwa amekwisha kujua. Alikuwa ameyasoma maandishi kwenye faili la hospitali tangu mwezi uliotangulia na hakuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hiyohiyo kwa kila nyumba: habari ya ugonjwa hutolewa na mzazi, uongo hautolewi na mtu yeyote. Mzazi asiyekubali kanuni hiyo hajakosea, ila hujapata familia unayoweza kuitumikia. Hali ya maambukizi ya VVU ya mzazi ni siri ambayo si yako kwa namna yoyote ile, hata mtoto akikuuliza uso kwa uso.

Umefaulu ikiwa mzazi mwenyewe anamwita mtoto na kumtambulisha kwako kwa jina na kwa kazi: “Huyu dada atakuja kila Jumatano kusoma na kucheza na wewe.”

## Hatua ya 4: Ziara ya kwanza iwe fupi

Kaa dakika 40, si zaidi. Kaa barazani au uani, mahali panapoonekana na watu wa nyumba. Usijifungie chumbani na mtoto, usimpeleke kwako, usimpakie bodaboda. Masharti haya uyaseme kwa sauti mbele ya mlezi siku ya kwanza, ili siku nyingine ukiyashika isionekane kuwa umeanza kumshuku mtu.

Usimuulize mtoto anajisikiaje. Watu wazima wote waliopita mlangoni wamemuuliza hivyo, na anajua jibu wanalolitaka. Fanya kazi kando yake. Ukimkuta anachambua mchele, vuta kigoda uchambue naye; ukimkuta anaosha vyombo, suuza. Watoto husema mambo makubwa wakiwa wanaangalia mikono yao. Ukipewa sekunde hizo, usiziharibu kwa kumgeukia ghafla na kumshika bega.

Kabla ya kuondoka, chora kalenda ya wiki 4 katika daftari lake na mwambie aweke alama siku zako. Kisha panga naye mpango wa mvua: kama barabara imefungika, utapiga simu saa tisa kamili kwa namba ya mlezi na mtazungumza dakika 10. Mpango huo ni muhimu zaidi kuliko mchezo wowote utakaouleta, hasa kwa anayeanza wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Usipige picha. Wapo wanaoona hakuna ubaya kumweka mtoto kwenye hali ya WhatsApp na maneno mawili ya Maandiko. Kesho yake darasa zima linajua mama yake anaumwa nini.

Wiki ya pili utajua kama umefaulu kwa jambo dogo: mtoto atakuwa ameshaweka alama kwenye kalenda kabla hujafika.

## Hatua ya 5: Jibu maswali magumu kwa ukweli mdogo mdogo

Mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza mtoto atauliza. Maswali yake, hata yakija kwa sura nyingine, kwa kawaida ni matatu: Je, mimi ndiye niliyesababisha? Je, nitaambukizwa? Nani atanitunza?

Swali la kwanza ni la watoto wadogo hasa. Mtoto aliyewahi kumtamkia mama yake neno baya kisha mama akaugua huweza kuamini kwamba neno lile ndilo lililoleta ugonjwa mwilini. Usingoje aulize. Sema: “Hakuna neno ulilosema wala kosa ulilofanya linaloweza kuleta ugonjwa huu.” Rudia wiki nyingine.

Swali la pili linahitaji ujue ugonjwa. Saratani haiambukizi kwa kukaa, kula wala kulala na mgonjwa. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, hivyo mama akirudi kutoka Ocean Road mtoto anaweza kumkumbatia jioni hiyohiyo. Sharti ni kunawa mikono na kukaa mbali kidogo mtoto akiwa na mafua, kwa kuwa dawa za saratani huweza kupunguza nguvu ya mwili wa mgonjwa kujikinga. Figo, moyo na kiharusi haviambukizi. Kifua kikuu cha mapafu huambukiza kwa njia ya hewa, na hapo usithubutu kusema vinginevyo: eleza kwamba mgonjwa akianza dawa na kuzimeza sawasawa uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, ingawa matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Muulize mlezi kama watoto wamepelekwa kupimwa, hasa walio chini ya miaka 5, ambao wanastahili kuchunguzwa na kupewa dawa za kinga.

Swali la tatu huwezi kulijibu wewe. Lipeleke kwa mzazi siku hiyohiyo: “Mwanao anauliza atakaa na nani.” Ni zito kulisema, lakini mtoto huyo amelala nalo kila usiku.

Umri nao hubadilisha jibu. Aliye chini ya miaka 5 hudhani aliyekufa anaweza kurudi, na atauliza swali lilelile mara kumi. Mjibu kwa maneno yaleyale mara kumi. Wa miaka 6 hadi 9 huanza kuelewa kwamba kifo ni mwisho, na hutaka habari za mwili: utumbo, damu, sindano. Usione ni utovu wa adabu. Kuanzia miaka 10 wanaelewa karibu kila kitu, na hasa huficha. Kijana wa sekondari anayerudi nyumbani kupika, kumgeuza baba kitandani na kuwalaza wadogo zake huenda asiwe na swali lolote kwako, akawa na haja ya saa moja tu ya kutokuwa baba wa nyumba.

Epuka tafsida. Ukimwambia mtoto “bibi amelala usingizi wa milele” usishangae akiogopa kulala. Mtoto mmoja aliyeambiwa kwamba baba yake “amesafiri” aliomba apelekwe stendi ya Mbezi kumpokea. Tumia “amefariki” au “amekufa”, na ueleze: mwili umeacha kufanya kazi, hausikii maumivu, hauhisi baridi, hautarudi. Imani ya familia kuhusu roho iachie familia.

Wala usiahidi kupona. Nilimwambia mvulana wa miaka 7 kwamba mama yake atapona tu, kwa sababu jioni ile ilikuwa nzuri na nilitaka kuondoka nikiwa nimemwacha anacheka. Mama alifariki baada ya siku 11. Nilipofika msibani mtoto aliniangalia akasema, “Si ulisema?” Sikuwa na jibu, na sijalipata. Siku hizi nikiulizwa kama mama atapona nasema: “Sijui. Madaktari wanafanya kazi yao. Nikijua jambo ambalo mama ameniruhusu kukuambia, nitakuambia kweli.”

## Hatua ya 6: Iandalie shule njia

Kwa idhini ya mzazi, mwone mwalimu wa darasa au mwalimu wa malezi na unasihi. Mweleze kwa ufupi kwamba nyumbani kuna mgonjwa, mtoto anaweza kuchelewa au kusinzia, na mumpe mtu mmoja wa kumwendea akizidiwa. Usitaje ugonjwa isipokuwa mzazi amesema.

Uliza mtoto anaingia zamu gani, ya asubuhi au ya mchana, ili ziara yako isigongane na masomo. Wewe si mwalimu wa tuisheni. Nusu saa ya kusoma kwa sauti kila ziara inatosha, ila aliye darasa la nne au la saba aongezewe muda mitihani inapokaribia.

## Hatua ya 7: Anzisha daftari la kumbukumbu

Ukishafika mwezi wa pili, lile daftari la jalada gumu lipate kazi yake kubwa. Mtoto anamhoji mzazi na kuandika. Asiyejua kuandika anachora. Nani alinipa jina hili? Ukoo wetu ni upi, na kijiji chetu kiko wapi? Ulimpendaje baba? Unaweka nini kwenye maharage mpaka yanakuwa hivi? Zungusha kalamu kuzunguka kiganja cha mzazi, kisha cha mtoto juu yake. Rekodi kwenye simu ya mlezi wimbo ambao mtoto alibembelezewa.

Tahadhari: usiliite daftari la kuagana. Mzazi akisikia hivyo ataona unamzika akiwa hai. Liite historia yangu, maana ni ya mtoto, na ikiwa mzazi atapona litabaki hivyohivyo.

Hapa pia ndipo pa kuuliza kuhusu cheti cha kuzaliwa. Ikiwa hakipo, mwelekeze mlezi RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wakati mzazi bado anaweza kutoa maelezo mwenyewe, kwa sababu baada ya msiba ndugu hukaa wiki nzima wakibishana mtoto alizaliwa hospitali gani.

## Hatua ya 8: Tofautisha huzuni na hatari

Mtoto analia dakika 5, kisha anakimbilia kombolela. Hiyo ni kawaida. Watoto huingia na kutoka katika huzuni kama wanavyoruka madimbwi. Kukojoa kitandani upya, kuumwa tumbo asubuhi za shule, hasira na kung’ang’ania sketi ya bibi navyo ni vya kawaida kwa muda. Andika katika daftari lako umeona nini na tarehe gani. Vikiendelea wiki nyingi bila kupungua, mweleze mlezi na ofisa ustawi.

Yafuatayo hayasubiri ziara nyingine: mtoto kusema anataka kufa au kumfuata mzazi, alama za kipigo, dalili kwamba ameguswa vibaya, watoto kulala peke yao bila mtu mzima, mtoto kuachishwa shule ili auguze. Piga simu kwa ofisa ustawi siku hiyohiyo, au 116, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inamwekea mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa.

Kwa sababu hiyo usiahidi kutunza siri kabla hujaisikia. Mtoto akisema “ukiapa hutasema nitakuambia,” mjibu: “Jambo likiwa linakuumiza nitamwambia mtu mmoja anayeweza kulizuia, na nitakutajia ni nani.”

## Hatua ya 9: Panga kuondoka tangu mapema

Ziara huisha kwa njia tatu: mzazi anapata nafuu, miezi 6 inatimia, au mzazi anafariki. Katika njia mbili za kwanza, tangaza mwisho wiki 4 kabla, rudi kwenye kalenda, na kila Jumatano mtoto akate siku moja kwa kalamu yake mwenyewe.

Njia ya tatu haikupi wiki 4. Dar es Salaam ni jiji la watu wenye kwao: mwili unaweza kusafirishwa mkoani usiku uleule, kikao cha ndugu kikaamua watoto wabaki huko na shangazi, na wewe ukafika Jumatano ukute kufuli. Ndiyo maana namba ya ndugu mmoja wa mkoani iandikwe mapema kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto, pamoja na namba yako.

Ukifika msibani mtoto akiwa bado yupo, usikae na watu wazima. Kaa naye. Mweleze kitakachofuata kabla hakijatokea: mwili utaletwa, watu watalia kwa sauti, kutakuwa na jeneza na kaburi. Muulize kama anataka kuaga, na ikiwa hataki, mwombe mlezi asimlazimishe. Angalia kwamba amekula. Katika wingi wa wapishi na sufuria, mtoto wa marehemu mara nyingi ndiye asiyekumbukwa sahani.

Kama familia itabaki jijini, rudi angalau mara mbili baada ya arobaini, kwa sababu turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikirudi kwa mwenyewe, nyumba hunyamaza, na maswali yaliyozuiwa na umati hutoka.

Ziara ya mwisho iwe ya kawaida: kusoma, rede, vyombo. Mkabidhi mtoto daftari lake mbele ya mlezi, likiwa na mkoba wa plastiki dhidi ya mvua. Lako lipeleke kwa ofisa ustawi au lichane, kisha mpigie msimamizi wako kabla hujapanda daladala.